Pumzi ya Gari na Vumbi la Mwanza

Wazee wetu walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara nyingi methali hii huelekezwa kwa mzazi anayechelewa kumwonya mtoto, au kwa mwenye nyumba aonaye paa likivuja akanyamaza. Juma hili tunaielekeza mahali pasipotazamwa na wengi: chini ya boneti ya gari dogo la familia, katika lile sanduku jeusi la plastiki ambalo injini huvutia pumzi yake.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la gereji lije katika kurasa za nyumba na jamaa. Jibu ni jepesi. Katika mji wa Mwanza gari dogo si pambo. Ni Toyota IST, Vitz, Passo au Starlet iliyonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi, kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au kwa kiinua mgongo cha mzazi. Alfajiri humpeleka mama sokoni, asubuhi huwafikisha watoto shuleni, jioni hubeba abiria kutoka kituo cha mabasi cha Nyegezi, na Jumamosi huenda msibani Magu au Sengerema. Injini ya gari kama hilo ikifa, hakifi chuma peke yake. Ada ya shule, kodi ya nyumba na dawa ya bibi navyo huingia mashakani.

Sasa kimeingia kishawishi. Katika maduka ya vipuri utaonyeshwa bomba la alumini ling'aalo kama sufuria jipya, na mwishoni mwake chujio jekundu au la buluu lenye umbo la pia. Utaambiwa kwamba ukiling'oa sanduku lililokuja na gari ukafunga kifaa hiki, gari litaongezeka nguvu, litakunywa petroli kidogo, wala hutanunua chujio tena maisha yako yote. Wapo waliokubali. Wapo wanaofikiri. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya hao wanaofikiri.

INJINI NAYO HUPUMUA

Petroli haiwaki bila hewa. Ili gramu moja ya petroli iungue sawasawa, injini huhitaji gramu 14.7 za hewa. Ukifanya hesabu kwa kipimo cha ujazo, utaona kwamba kila lita moja ya petroli inayoungua hapa Mwanza huandamana na lita zipatazo 10,000 za hewa. Hayo ni mapipa 50 ya lita 200. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita, likisafiri kilomita 60, huwa limevuta hewa ya mapipa 200. Yote hayo hupita katika kipande kimoja cha karatasi iliyokunjwakunjwa, kisichozidi ukubwa wa kitabu cha shule.

Karatasi hiyo ndiyo chujio la hewa, ambalo mafundi wetu hulizoea kwa jina la ea klina. Kazi yake ni kuiruhusu hewa ipite na kulizuia vumbi. Lisipozuia, vumbi huingia katika silinda, hukutana na oili, na mchanganyiko huo huwa kama msasa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Kila pistoni inapopanda na kushuka, husugua. Baada ya muda ringi hulegea, oili hupenya juu na kuungua pamoja na petroli, na moshi wa buluu huonekana nyuma. Hapo ndipo mwenye gari husikia maneno asiyopenda kuyasikia: "Mzee, injini hii inataka kufunguliwa."

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayana kelele. Gurudumu likipasuka utajua papo hapo. Vumbi hula injini kimyakimya, na siku utakapoona moshi, uharibifu umekwisha kutendeka.

UDONGO WETU NA MAWE YETU

Mwanza huitwa Jiji la Miamba, na mgeni yeyote aliyeliona Jiwe la Bismarck likiwa limejisimamisha majini hawezi kubisha. Miamba hiyo ni ya matale. Ndani ya matale mna madini ya kwatzi, na mwamba unapochakaa kwa jua na mvua kwa maelfu ya miaka, kwatzi hubaki kama mchanga. Ndio udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, unaoonekana katika njia nyingi za pembezoni mwa jiji.

Wataalamu wa madini hupima ugumu kwa ngazi kumi, ya kumi ikiwa ni almasi kama ile ya Mwadui. Kwatzi huwa katika ngazi ya 7, na msumari wa kawaida haufiki hapo. Punje ya kwatzi hukwaruza kioo, sembuse ukuta wa silinda. Tena punje iletayo madhara makubwa haionekani kwa macho, kwani upana wake hauzidi sehemu chache za elfu za sentimita. Vumbi zito unaloliona likirundikana juu ya boneti baada ya safari ya kiangazi si adui mkubwa. Adui mkubwa ni lile linaloelea kama moshi nyuma ya basi lililokutangulia.

Kuanzia mwezi Juni hadi Septemba, mvua zinapokatika, njia zisizo na lami huko Buswelu, Igombe na Kishiri huinuka angani. Hata mwenye kukaa karibu na lami hawezi kuliepuka vumbi, maana hutoka nyumbani kwa njia ya udongo. Na tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lifunguliwe mwezi Juni 2025, wenye magari madogo waliokuwa wakikwepa foleni ya kivuko sasa huvuka kwenda Sengerema na Geita bila kusita. Barabara kuu ni ya lami, lakini kijiji cha shangazi hakipo juu ya lami.

Pwani ya ziwa ina jambo jingine tena. Kuna nyakati wale wadudu wadogo wa ziwani hutoka majini kwa mamilioni na kusimama angani kama nguzo za moshi, hasa mwezi unapoandama. Dereva akipita katikati yao jioni, kioo hujaa, rejeta hujaa, na baadhi yao huvutwa hadi katika chujio. Chujio lililofichwa ndani ya sanduku hupata wachache. Chujio lililo wazi huwapokea wote.

WAZEE WALIVYOPAMBANA NA VUMBI

Vita hivi si vya leo. Waliopata kuendesha Land Rover za miaka ya 1950 na 1960 watakumbuka chujio la bakuli la oili. Hewa ilishuka kwa kasi kuelekea kwenye oili, kisha ikageuka ghafla kupanda juu. Vumbi, kwa kuwa ni zito, lilishindwa kugeuka, likazama katika oili. Dereva mwangalifu alifungua bakuli, akamwaga matope, akatia oili mpya. Kazi ilikuwa chafu, lakini kwa barabara za wakati ule ilifaa.

Hata katika mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, vumbi na maji vilimaliza magari mengi kuliko ufundi wa washindani. Katika miaka ya 1990 magari ya mashindano hayo yalionekana yamefungwa bomba refu lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi juu ya paa, ili injini ivute hewa ya juu iliyo safi na kavu. Mafundi bingwa wa dunia, wenye fedha za kununua kila kitu, walipofika Afrika Mashariki hawakuliacha chujio wazi karibu na ardhi. Hilo lingetosha kuwa funzo.

JE, NGUVU HUONGEZEKA?

Yafaa tumtendee haki mwuza vipuri. Madai yake ya nguvu hayakuzuka hewani. Injini ikipata hewa nyingi zaidi, huweza kuchoma petroli nyingi zaidi na kutoa nguvu zaidi. Katika gari la mashindano, ambalo dereva wake hukanyaga mafuta hadi mwisho muda wote, bomba pana lina faida. Swali ni kama faida hiyo humfikia mtu wa Nyakato aendaye kazini.

Kwanza, Mwanza iko juu. Uso wa Ziwa Viktoria upo mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na mitaa ya vilimani kama Isamilo na Bugando iko juu zaidi. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha asilimia 12. Gari lile lile lililopanda vizuri kule litaonekana limechoka huku. Hapana bomba la alumini liwezalo kuishusha Mwanza hadi usawa wa bahari.

Pili, chujio la umbo la pia likifungwa wazi chini ya boneti huvuta hewa iliyokwisha chemshwa na injini. Hewa yenye joto la nyuzi 60 ni nyepesi kwa asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30. Hivyo mwenye gari hulipa fedha ili apate hewa nyingi, kumbe amejipunguzia ile kidogo aliyokuwa nayo. Watengenezaji wa gari hawakuwa wajinga walipoupeleka mdomo wa sanduku mbele, mahali penye hewa ya nje.

Tatu, kelele hudanganya. Sanduku lile la plastiki hunyamazisha pia mvumo wa hewa. Likiondolewa, injini hunguruma kila unapokanyaga mafuta, na sikio huuambia moyo kwamba gari limepata nguvu. Mtu asikiaye mngurumo huamini mwendo umeongezeka, hali saa yake ikimwambia kwamba amefika kazini dakika zile zile.

NA PETROLI JE?

Hapa ndipo wengi wanaponaswa, maana petroli ndiyo inayouma. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge, huko Marekani, ilitoa matokeo ya majaribio juu ya machujio yaliyoziba. Katika magari ya kisasa yanayoongozwa na kompyuta, chujio lililoziba halikubadilisha matumizi ya petroli kwa kiasi cha kujali. Lililopungua ni wepesi wa gari kuongeza mwendo. Katika magari ya zamani yenye kabureta, chujio lililoziba liliongeza ulaji wa petroli kwa asilimia chache.

Tafakari maana yake, ndugu msomaji. Iwapo chujio lililoziba haliongezi ulaji wa petroli katika gari lenye kompyuta, basi chujio lililo wazi kupita kiasi haliwezi kuupunguza. Kompyuta hupima hewa iliyoingia na kutoa petroli inayolingana nayo. Ahadi ya kuokoa petroli, kwa gari kama IST au Vitz, haina msingi.

MACHUJIO YALIYOPO SOKONI

Tuyatazame sasa moja moja.

La kwanza ni chujio la karatasi, lile la sura ile ile iliyokuja na gari. Bei yake ni nafuu, huzuia vumbi laini vizuri sana, tena huzidi kuzuia vizuri kadiri linavyoanza kupata vumbi. Kasoro yake ni kwamba haliwezi kuoshwa, na sokoni yamejaa yaliyo bandia.

La pili ni chujio la pamba lenye kupakwa oili maalumu, lenye sura ya lile la karatasi na kuwekwa ndani ya sanduku lile lile. Kampuni ya K&N ya Marekani, iliyoanza mwaka 1969, ndiyo iliyolipatia sifa duniani. Chujio hili huoshwa na kutumika tena kwa miaka. Lakini kwa kawaida hupitisha vumbi laini zaidi kuliko karatasi nzuri, na hudai nidhamu: kuoshwa kwa sabuni yake, kukaushwa kivulini, kupakwa oili yake kwa kipimo. Ukipaka kidogo, vumbi hupita. Ukipaka nyingi, oili huruka na kuushika ule uzi mwembamba wa sensa ipimayo hewa, taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, na gari likaanza kukwama. Kwa mtu mwangalifu anayetembea juu ya lami, chujio hili si baya. Kwa mtu atakayeliosha kwa petroli na kulipaka oili ya injini, ni hasara.

La tatu ni la sponji. Pikipiki nyingi za bodaboda hulitumia, na kwa kazi hiyo hufaa likioshwa na kupakwa oili mara kwa mara. Lakini wako wanaokata kipande cha godoro na kukisukumia katika sanduku la gari. Sponji ya godoro haikutengenezwa kuchuja wala kuvumilia joto. Hukatika vipande, na vipande hivyo huelekea upande mmoja tu, ndani ya injini.

La nne ni hilo la umbo la pia lililo wazi chini ya boneti, ambalo tumekwisha kulizungumza. Yapo yaliyotengenezwa kwa uangalifu, na yapo ambayo ni waya na kitambaa tu. Mnunuzi hawezi kuyatofautisha kwa macho. Isitoshe, bomba lake likiwa na upana usiolingana na lile la awali, sensa hupima uongo na kompyuta huchanganyikiwa.

La tano ni bomba refu linaloshushwa hadi nyuma ya bampa ili kufuata hewa ya baridi. Hili huondoa kasoro ya joto, lakini huleta hatari iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni maji.

VIJIKO VITATU VYA MAJI

Kila mkazi wa Mwanza anaujua Mto Mirongo na jinsi mvua kubwa inavyoweza kuyafurika mabonde ya Mabatini kwa muda mfupi. Gari lenye mdomo wa hewa juu karibu na boneti huweza kupita katika dimbwi la wastani likasalimika. Gari lenye mdomo nyuma ya bampa hunywa maji.

Na injini haihitaji kunywa mengi. Katika injini ya IST ya ujazo wa sentimita za ujazo 1,500, nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni ni kama sentimita za ujazo 40, yaani ujazo usiofika vijiko vitatu vya mezani. Hewa hukubali kubanwa humo. Maji hayabanwi kamwe. Yakizidi kiasi hicho katika silinda moja, pistoni husimama ghafla huku injini ikiendelea kuisukuma, na mkono wa pistoni hupinda au kuvunjika na kutoboa injini ubavuni. Thamani ya gari la familia huweza kuteketea kwa sekunde moja, kwa maji ya vijiko vitatu.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye kufanana na nyumba nyingi. Baba Kulwa ni karani, Mama Kulwa huuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Wana IST ya mkono wa pili, na baada ya kazi Baba Kulwa hubeba abiria. Kwa miezi miwili gari limekuwa zito kupanda Isamilo. Rafiki amemshauri anunue bomba na chujio la pia. Fedha zipo, lakini ni zile zilizowekwa kwa ajili ya sare na madaftari ya Kulwa na Doto.

"Mama Kulwa," anasema mume, "gari likipata nguvu nitapeleka abiria wengi zaidi, fedha ya sare itarudi kabla shule hazijafunguliwa."

"Sikatai, baba," mke anajibu. "Ila gari hili tulipolinunua lilikuwa likipanda Isamilo bila shida. Nguvu lililokuwa nayo imekwenda wapi? Tusinunue nguvu mpya kabla hatujajua ya zamani imepotelea wapi."

Huyo mke amesema neno la kifundi, ingawa hajapata kushika spana. Gari lililopungua nguvu ni mgonjwa, na mgonjwa hupimwa kabla ya kupewa dawa. Katika nyumba kama hii, fundi mwaminifu akifungua sanduku anaweza kukuta chujio jeusi ambalo halijabadilishwa tangu gari literemke melini, kibana kimelegea, na mpira wa hewa umepasuka penye mkunjo. Kupitia ufa huo injini ilikuwa ikivuta vumbi bila kuchujwa. Mpira mmoja, chujio moja la karatasi na plagi zilizosafishwa huweza kulirudisha gari mlimani. Na lau wangefunga kile kifaa kipya, maradhi yangebaki pale pale, yamefunikwa kwa mngurumo.

Neno la pili lililomo katika mfano huu ni la unyumba. Fedha ya gari na fedha ya watoto hutoka mfuko mmoja. Mume anayenunua kifaa cha gari kwa siri, kisha akamwambia mkewe kwamba biashara ilikuwa mbaya, hujitengenezea ufa mwingine usiozibwa na fundi yeyote. Kadhalika mke asiyetaka kusikia habari za vipuri kabisa, akiona kila shilingi ya gereji ni ya kupotea, husababisha gari lisifanyiwe huduma hadi life. Mkae, mpige hesabu pamoja, mwandike katika daftari.

UKIENDA DUKANI

Kwa msomaji aliyeamua kununua chujio la karatasi, ambalo ndilo tunalomshauri mwenye gari dogo wa Kanda ya Ziwa, yafuatayo yamsaidie.

Nenda na chujio la zamani mkononi, au angalau namba ya injini, maana magari yenye jina moja huweza kuwa na injini mbalimbali. Yalinganishe kwa urefu, upana na kimo.

Bonyeza ukingo wa mpira. Uwe laini na urudi ulipobonyezwa, usio na ufa wala mshono uliokatika. Vumbi jingi hupita pembeni mwa chujio baya, wala halipiti katikati.

Hesabu mikunjo. Chujio bandia mara nyingi huwa na mikunjo michache iliyoachana, kwa sababu karatasi ni ghali. Mikunjo ikae sawa, isilale wala kushikana.

Inua chujio juani. Mwanga upenye kwa usawa. Ukiona nukta kali kama tundu la sindano, rudisha.

Usimruhusu mwuzaji akupe chujio la hewa ya abiria badala ya lile la injini. Magari mengi madogo yana machujio mawili. Moja ni la injini, jingine hukaa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria na kusafisha hewa ya ndani. Hilo la pili nalo lina maana kwa watoto wenye pumu, lakini haliwezi kufanya kazi ya lile la kwanza.

UKIRUDI NYUMBANI

Vitabu vingi vya magari madogo ya Kijapani hupanga chujio libadilishwe baada ya kilomita 20,000 hadi 40,000, na huongeza kwamba penye vumbi muda huo upunguzwe sana. Sisi tuko penye vumbi. Lifungue na kulitazama kila unapobadilisha oili, na mara moja kabla ya kiangazi kuanza na mara moja baada ya kwisha.

Jihadhari na upepo wa kompresa. Pale kwenye vituo vya petroli kijana hulipuliza chujio kwa nguvu zote, tena kutoka upande wa nje, na hivyo hulizamisha vumbi na kuitoboa karatasi. Likibidi kupulizwa, lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, kwa umbali, wala si mara nyingi. Chujio la karatasi halioshwi kwa maji, kwa sabuni wala kwa petroli.

Futa ndani ya sanduku kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuweka chujio jipya. Kisha ingiza kidole chako safi katika bomba, upande ule unaoelekea kwenye injini. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali panapovuja, na chujio jipya halitakusaidia mpaka papatikane. Kipimo hiki hakina gharama, na kijana wa miaka kumi na mitano aweza kufundishwa.

Hatuwadharau vijana wanaopenda magari yenye kunguruma. Mapenzi ya mashine yamezaa mafundi wengi, na huenda fundi atakayetengeneza chujio linaloufaa udongo wa luseni kuliko yote yatokayo ng'ambo yuko shuleni Mwanza leo. Tunalosema ni hili: kila kifaa kina mahali pake. Chujio la mashindano lina injini inayofunguliwa baada ya kila shindano. Injini ya familia hufunguliwa mara moja, na mara nyingi siku hiyo ndiyo siku gari linapouzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Basi kabla ya kuuza sanduku lile jeusi ili ununue king'aacho, lifungue kwanza. Tazama lililomo. Huenda nguvu unayoitafuta imelala humo chini ya vumbi la miaka mitatu. Hadi Jumapili ijayo, panapo majaliwa.